Shajara ya 003: "Pole pole" kwenye mwendo wa 172

Septemba 12

Haya, tumeanza tena. Baada ya 002, santuri yetu ya pili, niliapa sitaki kuona boksi la santuri humu ndani mpaka mwaka uishe, mke wangu akasema tutaona, na kweli ameona, maana tangu juzi nko kwenye kompyuta nalinganisha bei za kuchapa. Kwa wageni: hii ni lebo ya watu wawili, mie na mwenzangu mzaliwa wa hapahapa Bristol, Uingereza, ambaye babake alitoka Jamaica, ofisi ni meza ya jikoni kwangu Easton, na tunatoa jungle, drum and bass na dancehall, basi. Mie mtu wa Kisauni, Mombasa. Dancehall nimeijulia kwenye matatu miaka ya 90, wakati gari bila spika za maana kule nyuma halipati abiria, Shabba Ranks wa Jamaica anakutikisa mbavu toka Kisauni mpaka Mwembe Tayari. Jungle nimeikuta huku, na haikunichukua muda kuona kwamba hawa ni ndugu, sauti ni zile zile za kina Shabba ila dramu zimepandwa na wazimu.

001 tulichapa 200, zimeisha. 002 tulichapa 300, kuna kama 40 chini ya kitanda cha wageni. Akaunti ya lebo ina pauni 1,912 na hazitoshi, lakini ndo tulizonazo.

Mpango wa 003 ni huu. Santuri ya inchi 12, mizunguko 45 kwa dakika, upande A wimbo wenye sauti ya diijei wa Kingston, upande B dabu ya huohuo wimbo bila maneno mengi. Na nikisema diijei nasema kwa maana ya Jamaica, yaani yule anayeghani juu ya ridimu (muziki wa chini usio na maneno), yule anayechagua na kupiga rekodi kule anaitwa selekta. Kila nikiongea na watu wa nyumbani hapa huwa tunapotezana nusu saa nzima.

Septemba 30

Sauti zimefika toka Kingston! Faili nane, safi, unasikia na jogoo kwa mbali kwenye faili ya tatu, ntamwacha.

Sasa tatizo. Tulimtumia diijei ridimu ya 86 bpm (mapigo kwa dakika) ili tuje tuiweke juu ya 172. Hii ndo siri nzima ya mambo haya kwa asiyejua: 86 mara mbili ni 172, kwa hio mtu anaghani kwa mwendo wa kutembea na dramu zinakimbia mara mbili yake, na besi nayo inatembea na muimbaji. Ndo maana wazee wanaweza kuicheza jungle wakitikisa kiuno taratibu na vijana pembeni yao wanaruka kama wamekanyaga makaa, wote wako sawa, kila mmoja kachagua saa yake. Drum and bass, dramu na besi, jina lenyewe lishakwambia wenye nyumba ni kina nani.

Bwana diijei akasema ile 86 inamlaza usingizi, akarekodi juu ya ridimu yake mwenyewe ya 96. Kwa hio lazima sauti ipunguzwe mwendo kama asilimia kumi bila kuwa nzito kama ya mtu mwenye mafua. Kompyuta inafanya hilo kwa sekunde mbili, tukafanya, ikatoka safi kabisa na haina roho. Mwenzangu akakumbuka ami yake ana Akai S1000 darini. Hii mashine ya kunasa vipande vya sauti ni ya 1988, memori megabaiti 2, ukirekodi kwa ubora wa kawaida unapata sekunde ishirini na kitu tu, na ina kazi yake ya kuvuta sauti ambayo inakatakata neno vipande vidogo vidogo na kuvirudia, ndo ile sauti ya bati unayoisikia kwenye jungle nyingi za 1993, 1994. Watu walikuwa hawaipendi bati hio mwanzoni, lakini mashine ndo ilikuwa ile, wakaizoea, sasa tunaitafuta kwa tochi.

Tulikaa mpaka saa nane za usiku tukipitisha kibwagizo kipande kwa kipande. Disketi mbili zilikufa.

Kibwagizo chenyewe kina kisa. Diijei aliniuliza kwa WhatsApp nimpe neno la kwetu la kutia kwenye wimbo, nikamwandikia matatu, akachagua "pole pole". Anavolitamka lina mdundo wa Kingston kabisa, pòle-pòle, fupi na kali. Nami sikumwambia kitu.

Oktoba 7

Leo tumegombana, kidogo tu. Mwenzangu anataka Amen.

Kwa asiyeijua: 1969 bendi moja ya Marekani, The Winstons, ilitoa santuri ndogo, na upande wa B kuna wimbo wa ala tupu unaitwa "Amen, Brother", na katikati wengine wote wananyamaza mpiga dramu Gregory Coleman anabaki peke yake mizunguko minne. Sekunde kama sita saba hivi. Hizo sekunde ndo msingi wa jungle nyingi, London na Bristol walizikata, wakazigeuza, wakazikimbiza, nyimbo maelfu. Coleman alifariki 2006 na hakuwahi kupata hata shilingi ya mrabaha kwa kazi hio. Kiongozi wa bendi, Richard Spencer, mwenye haki za wimbo, alikuja kuchangiwa 2015 na watu wa muziki huku Uingereza, zikapatikana pauni kama 24,000, na wakati huo Coleman alikuwa kaburini miaka tisa.

Mie hili jambo hunikera kwa namna ambayo mwenzangu haioni, na nafikiri ni kwa sababu nimekulia kwenye harusi za taarab. Kwetu muimbaji akikugusa unainuka na noti yako unaenda kumtunza, mbele ya watu, unacheza mpaka jukwaani unaiweka mkononi mwake au unambandika usoni. Hakuna cha kusubiri hesabu ya mwisho wa mwaka. Sasa huyu mtu kapiga ngoma dunia nzima imeinuka, na hakuna aliyevuka ukumbi.

Mwenzangu akasema, ndugu yangu, ukiitumia au usiitumie yeye hapati kitu tena. Kweli. Pia akasema jungle bila Amen ni kama pilau bila bizari, hapo nikamwambia zipo dramu nyingine zilizobeba jungle, na pilau asinifundishe.

Tumekubaliana hivi: tunatafuta mpiga dramu hai, tunamrekodi sisi wenyewe, tunamlipa, na jina lake linakaa kwenye lebo ya katikati ya santuri pamoja na letu. Na karatasi inasainiwa kabla maikrofoni haijawashwa.

Oktoba 20

Mpiga dramu tumempata kanisani. Kijana wa miaka 22, anapiga kila Jumapili kwenye kanisa la Kipentekoste, mkono wake mwepesi kama wa mpishi wa chapati. Mwenzangu anamjua mamake.

Chumba tulikodi kwa pauni 80, mchana mzima. Kabla ya kuanza kijana akauliza swali zuri kuliko yote niliyoulizwa tangu tuanze hii lebo: "Na mimi naingia wapi?" Nikamtolea karatasi. Pauni 100 leo mkononi, na asilimia 10 ya kila pesa itakayoingia kwa mauzo ya mtandaoni, kuanzia nakala ya kwanza, hatusubiri mpaka gharama zirudi. Diijei anapata 250 za mbele na asilimia 45, lebo 45. Kijana akasoma yote, akapiga picha akamtumia mamake, tukangoja, mamake akasema sawa, ndo akasaini. Nimempenda bure.

Upande wa ufundi, hapa kuna jambo ambalo wengi hulikosea. Ukimwambia mpiga dramu apige 172 moja kwa moja unapata drum and bass ya kisasa, safi, mkono umekaza. Jungle si hivo. Ile Amen asili yake ni karibu 137 bpm, na walipoikimbiza mpaka 170 na ushee kwa kuongeza kasi tu, sauti nayo ilipanda. 172 gawa kwa 137 ni 1.26 hivi, hio ni karibu nusu-toni nne juu. Ndo maana ile sneya, dramu ndogo ya mlio mkali, inalia kama kopo na matoazi yanamwagika kama mchanga. Kwa hio tulimpigisha 137, sneya tumeilegeza kidogo chini ya kawaida, maikrofoni moja juu, moja kwenye dramu kubwa, moja kule pembeni ya mlango inasikia chumba. Dakika arobaini mfululizo. Nikamwambia usipige kama unamsindikiza mtu, piga kama wenzako wametoka nje kunywa maji ukabaki peke yako.

Tulipoipandisha mpaka 172 pale pale chumbani kijana akacheka mpaka akaketi chini. Akasema huyu sio mimi, huyu ni mimi nimekunywa kahawa ya msiba mzima. (Hapana, hio ya msiba nimetia mie, yeye alisema kahawa kumi.)

Novemba 3

Miksi. Wiki mbili za jioni, baada ya kazi.

Dramu nimezikata vipande 19, kila kigongo na kitufe chake, halafu nazipanga upya kwa vidole, huku ndo kwenye raha yenyewe na ndo unakopotea, unaweza kukaa saa tatu kwenye mizunguko minane unasogeza sneya moja. Besi nimetumia ile nene inayovurugika taratibu, wanaiita rizi, jina limetoka kwa Kevin Saunderson wa Detroit aliyeitoa 1988 kwa jina la Reese. Nimeipanua kulia na kushoto, kwenye hedifoni inakukumbatia kabisa. Nimeridhika nayo mno. (Mtaona.)

Nilimtumia mama kipande. Huwa namtumia kila kitu, yuko Kisauni, anasikiliza kwa simu ile ndogo. Akajibu kwa sauti: "Mwanangu, maashallah, lakini huyo bwana anasema pole pole, mbona ngoma inakimbia hivo? Anamwambia nani?" Nikajaribu kumweleza habari ya 86 na 172, akasema ah, kama mtu aliye kwenye boda boda anamwambia dereva. Mama kaelewa jungle kuliko magazeti.

Ila ukweli 172 ya huku watu wanaiona mbio kubwa, na kule Dar singeli inapita 200 bila kutoka jasho. Ile lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilipotoa singeli ya studio ya Sisso 2017 watu wa huku walidhani santuri imewekwa mzunguko usio wake. Kijana wa Mburahati kwa hii 003 yetu angelala.

Novemba 24

Karatasi. Ntapita haraka maana haina utamu, lakini wanaotaka kuanza lebo huniuliza hili kila siku.

Kila rekodi inapewa ISRC, herufi na tarakimu 12, ndo kitambulisho chake popote itakapopigwa. Kwa Uingereza namba unaombea PPL, jumuiya ya haki za rekodi, na hukohuko unasajili nani kapiga nini, jina la mpiga dramu liliingia hapo nikalisoma mara mbili. Utunzi ni mlango mwingine, PRS, jumuiya ya watunzi, na diijei wetu yuko JACAP ya Jamaica, hizi jumuiya zinapelekeana pesa zenyewe kwa zenyewe, taratibu. Halafu kuna MCPS, haki ya kuchapa, asilimia 8.5 ya bei ya jumla, na kwa lebo ndogo kama sisi unalipa kabla kiwanda hakijachapa. Bei yetu ya jumla ni pauni 7, kwa hio senti 59 na nusu kwa kila santuri, mara 300, pauni 178.50. Sehemu yake inarudi kwetu watunzi baada ya miezi, inaenda na kurudi kama feri ya Likoni.

Desemba 1

Faili zimeenda kwa fundi wa kukata. Upande A dakika 5 na sekunde 40, B dakika 6. Hapa ufupi ni mali. Santuri ya 45 yenye besi nzito inataka mifereji mipana, ukiijaza dakika kumi na mbili lazima fundi ashushe sauti, na jungle iliyoshushwa sauti ni uji wa mgonjwa.

Fundi anakata kwenye laka, sahani ya alumini iliyopakwa kitu kama rangi ya kucha, halafu kiwanda kinaipaka chuma na kutoa stempa za kugongea plastiki. Hizi laka dunia nzima zilikuwa zinategemea viwanda viwili tu, Apollo kule California na MDC Japani, na Februari 2020 Apollo kiliungua chote. Watu walilia kama msiba. Mpaka leo mafundi wanazihesabu laka zao kama vito.

Mwishoni mwa barua yangu kwa fundi nikaongeza sentensi, kwa mkono wangu huu: "Tafadhali besi usiiguse, iko nilivyoitaka."

Januari 19

Chapa za majaribio zimefika, nakala tano, lebo nyeupe tupu. Nimeweka ya kwanza. Sekunde ya 58, pale besi inapoingia kwa mara ya kwanza, sindano imeruka. Nikasema vumbi. Nikapangusa. Imeruka tena palepale. Nikajaribu nakala ya pili, ya tatu, nikaweka sarafu juu ya kichwa cha sindano kama watoto, ikaruka na sarafu yake.

Nikampigia fundi. Mtu mzima, mpole, hakunicheka. Akanieleza kitu ambacho nilikuwa nakijua kwa kukisoma tu. Mfereji wa santuri ukiwa na sauti moja kulia na kushoto unatikisika pembeni, huku na huku. Kulia na kushoto zikitofautiana, mfereji unaenda juu na chini. Sauti nyembamba hazina neno, ni tetemeko dogo. Besi ikitofautiana, mfereji unazama na kupanda kama barabara ya matuta, na pale unapopanda unakuwa na kina kidogo kama unyayo kwenye zege, sindano inatoka zake. Kila fundi huibana besi iwe moja katikati, chini ya hezi 120 au 150 hivi. Yeye hakuibana kwa sababu mteja kamwandikia asiiguse.

Mteja ni mie.

Na jambo la pili, zile "s" za diijei kuelekea mwisho wa upande zinachoma. Karibu na katikati ya santuri, mzunguko ni uleule lakini sindano inapita njia fupi zaidi kwa kila duara, kwa hio sauti kali zinabanana na kupasuka. Hilo nalo lilikuwa langu, nilipaswa kuzilainisha kwenye miksi.

Kukata upya pauni 190. Nimemwambia mke wangu 90.

Februari 27

Nimerekebisha miksi, besi yote chini ya 150 iko katikati, ile ya kukumbatia nimeiacha juu peke yake. "S" nimezilainisha moja moja. Laka mpya, stempa mpya, chapa mpya zimefika leo, na mke wangu keshaona taarifa ya benki, tuendelee.

Haziruki! Nimezipigia mpaka jirani kagonga ukuta, na nilivyoshusha akaniandikia kuuliza wimbo unaitwaje.

Wakati tunangoja nilifanya ujinga mwingine, ila huu wa raha. Nilikata dabpleti mbili za inchi 10 za upande B, moja ya kwetu na moja ya selekta mmoja mwenye saundi sistimu, yaani mitambo na spika kubwa za dansi, hapa St Pauls. Dabpleti ni laka hiyohiyo, inakatwa moja moja na kupigwa papohapo, inachakaa baada ya kupigwa mara kadhaa, kila usiku inapoteza kidogo. Jungle ya miaka ya 90 ilijengwa hivo, maselekta wa London wakipanga foleni Music House, studio ya kukatia, na kanda zao ili wikendi wapige kitu ambacho hakuna mwingine anacho. Nao waliurithi mtindo huo kwa Jamaica, kwenye mashindano ya masaundi, unamtia diijei ataje jina la saundi yako na kumsuta mwenzako. Bibi yangu angeelewa bila tafsiri. Mombasa enzi zao walikuwa na Kingi na Scotchi, makundi ya beni, sare, tarumbeta, na mji mzima umegawanyika nani kamshinda nani.

Selekta aliipiga Jumamosi. Kwenye "pole pole" ya kwanza akairudisha mwanzo. Nilikuwa mlangoni naongea na mtu, sikuiona, nimeisikia tu ule mlio wa sindano kurudishwa na watu kupiga kelele.

Machi 28

Maboksi kumi na mawili, nakala ishirini na tano kila moja. Ghorofa ya tatu, lifti hakuna. Kijana mpiga dramu alikuja kusaidia, akafungua boksi la kwanza akatafuta jina lake, akalikuta, akapiga picha akamtumia mamake.

Hesabu kamili nilivyoahidi, na msicheke. Kukata, stempa, kuchapa 300, majaribio na usafiri 1,640, mastaringi (kusawazisha sauti ya mwisho) 120, chumba 80, mpiga dramu 100, diijei 250, kukata upya 190, MCPS 178.50, jumla pauni 2,558.50. Tulikuwa na 1,912, zilizopungua tumetoa mfukoni, 400 mie na 250 mwenzangu. Sasa mapato. Msambazaji anachukua 150 kwa pauni 7, hio ni 1,050. Ishirini zinaenda kwa masaundi na maredio. Zinabaki 130 za kuuza wenyewe kwa 13, hio ni 1,690, Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, wanakata asilimia 10 kwenye bidhaa, inabaki 1,521. Jumla 2,571.

Kwa hio tukiuza santuri zote, kila moja, mpaka ya mwisho, faida ni pauni 12 na nusu, na hapo sijatoa ada ya malipo ya kadi. Samaki na chipsi za watu wawili hazitoshi Bristol ya leo. Pesa ya kweli kama ipo inatoka kwenye faili za mtandaoni, ambazo hazina uzito wala ghorofa ya tatu. Watu wananiuliza basi kwa nini unachapa, nami huwa naangalia dirishani.

Aprili 26

Santuri imetoka wiki tatu sasa. Tumeuza 88 kwa mkono wetu, msambazaji kachukua zake, atalipa baada ya siku 60.

Ulaya ni shida. Tangu Uingereza itoke, na hasa tangu Julai 2021, kila kifurushi cha biashara kinachoingia Umoja wa Ulaya kinatozwa VAT hata kiwe cha euro tano, zamani chini ya euro 22 kilikuwa kinapita. Mteja mmoja Berlin aliambiwa alipe kodi na ada ya posta juu yake, akagoma, santuri imerudi baada ya wiki tatu na kona imepinda kama sambusa. Nimemtumia nyingine kwa gharama yetu na barua ya pole, moja tu.

Dukani hapa mjini wameweka nakala tano karibu na rafu ya Full Cycle, lebo ya Roni Size, na mie ni mtu mzima lakini nilipita mara tatu kuangalia. Hawa ndo watoto wa mji, Roni Size na Reprazent walichukua tuzo ya Mercury 1997, dramu na besi za Bristol zikawashinda watu wa gitaa. Iliyobaki ni moja. Aidha wameuza nne au wamezihamisha, sikuuliza.

Mtandaoni zimeenda 170 kwa pauni 2.50, yaani 425, ukitoa asilimia 15 ya Bandcamp na ada za kadi imebaki 340 kamili. Jana usiku nimegawa. Diijei 153, lebo 153, mpiga dramu 34. Kutuma Kingston benki imekula 6, nimezitia za kwangu ili afikiwe na 153 kamili.

Kijana wa dramu nilimtumia 34 zake saa tatu usiku, kwenye maelezo nikaandika DRAMU ZA 003. Baada ya dakika moja akauliza hizi za nini, si ulishanilipa Oktoba? Nikamwambia soma karatasi yako. Kimya. Halafu akaandika kwamba kesho kanisani atatoa fungu la kumi kama anavotoa kwa mshahara, kwa hio kuanzia kesho kanisa lao nalo limo kwenye 003, pauni 3 na senti 40.